Maswali ya Wasomaji: Soko la Hisa Linalouza Mitambo

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba Nasdaq, kampuni ya Marekani ambayo wengi wetu tunaijua kwa soko lake la hisa, siku hizi hupata takriban robo tatu ya mapato yake nje ya ada za kununua na kuuza hisa. Fedha hizo hutokana na programu, takwimu na huduma inazoziuzia benki, makampuni na hata masoko mengine ya hisa. Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo nimechagua zinazogusa kiini cha jambo, na pale ambapo wasomaji wawili watatu wameuliza kitu kimoja nimeijibu barua iliyouliza kwa uwazi zaidi.

"Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa biashara. Tulivyofundishwa, soko la hisa ni mahali ambapo wenye hisa na wenye fedha hukutana. Vipi mahali pakageuka kampuni ya teknolojia? Au Nasdaq imeiacha kazi yake ya mwanzo?"
Msomaji, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Haijaiacha. Hisa za Apple, Microsoft na Intel zinauzwa humo hadi leo. Kinachokutatiza ni hilo neno mahali, kwa sababu Nasdaq haikuwahi kuwa na ukumbi wa madalali. Soko kongwe la New York lilikuwa na ukumbi wake Wall Street, madalali wakipigiana kelele na kuandikiana vikaratasi. Nasdaq ilipofunguliwa tarehe 8 Februari 1971 ilikuwa ni kompyuta iliyounganishwa na skrini zilizowekwa katika ofisi za madalali sehemu mbalimbali za Marekani, na kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuonyesha bei.

Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka ujue hali ilivyokuwa kabla yake. Hisa za makampuni yasiyoorodheshwa katika masoko makubwa ziliuzwa kwa simu baina ya madalali, na bei zake zilichapishwa kwenye karatasi za rangi ya waridi ambazo zilipomfikia msomaji zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Fikiria mnada wa samaki ambao kila dalali amejifungia chumbani mwake, na mwenye kutaka changu hana njia ya kujua bei ya chumba cha pili ila kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Chama cha madalali wa hisa wa Marekani ndicho kilichojenga mtambo wa kuziweka bei zote mbele ya macho ya wote kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, biashara yenyewe iliendelea kufanywa kwa simu. Unaiona bei kwenye skrini, kisha unampigia dalali aliyeiweka. Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika tarehe 19 Oktoba 1987, siku ambayo fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 22, na madalali wengi, kwa kuogopa kununua kitu kinachoporomoka, wakaacha simu zilie. Mwaka uliofuata ikawa lazima maagizo madogo ya wawekezaji wa kawaida yatekelezwe na kompyuta bila ya kumsubiri mtu ainue simu.

Fedheha iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi, na naona ndiyo iliyoamua mwelekeo wa kampuni hii. Bei za hisa Marekani wakati huo ziliandikwa kwa sehemu za nane za dola. Mwaka 1994 wanazuoni wawili, William Christie na Paul Schultz, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba madalali wa Nasdaq, hata katika hisa za makampuni makubwa, walikuwa karibu hawazitumii kabisa sehemu witiri, yaani moja ya nane, tatu ya nane, tano ya nane na saba ya nane. Pakiondolewa sehemu hizo, tofauti baina ya bei ya kununulia na ya kuuzia haiwezi kushuka chini ya robo dola, na tofauti hiyo ndiyo faida ya dalali. Serikali ikachunguza, madalali wakabanwa, na kuanzia mwaka 1997 kanuni mpya zikalazimisha maagizo ya wateja yenye bei nzuri zaidi yaonyeshwe hadharani, yakiwemo yale yaliyokuwa kwenye mitandao binafsi ya kielektroniki.

Mlango huo ulipofunguliwa, waliopita kwanza walikuwa vijana wa kompyuta. Mtandao mmoja ulioitwa Island, ulioanza mwaka 1996, ulimkutanisha mnunuzi na muuzaji moja kwa moja ndani ya mashine, bila ya dalali katikati, kwa kasi ambayo Nasdaq haikuwa nayo. Biashara ikaanza kuhama. Kampuni iliyoanzisha soko la kielektroniki ikajikuta inaachwa nyuma katika fani yake yenyewe. Nasdaq, ambayo kuanzia mwaka 2000 ilikuwa ikitenganishwa na chama cha madalali ili iwe kampuni ya wanahisa inayotafuta faida, mwaka 2003 ilimpata mkuu mpya, Bob Greifeld, mtu aliyetoka katika biashara ya programu za fedha. Mwaka 2005 aliununua mtandao wa INET, uliotokana na kuunganishwa kwa Island na mpinzani wake Instinet. Badala ya kuuzima mtandao huo na kubaki na mtambo wa nyumbani, alifanya kinyume chake: biashara ya Nasdaq ndiyo iliyohamishiwa kwenye mtambo ulionunuliwa. Wanaoandika habari za kampuni hii hupenda kuanza na manunuzi makubwa ya miaka ya karibuni, lakini kwa maoni yangu uamuzi huo wa kuutupa mtambo wako na kuuchukua wa mshindani ndio uliokiri kwamba mali ya soko la hisa ni mashine, na vilivyobaki huizunguka.

"Bwana Mhariri, mimi ni mstaafu wa benki. Sijaona akili ya mfanyabiashara kumuuzia mshindani wake silaha. Kama mtambo wako ndio nguvu yako, kwa nini uwape wengine?"
Msomaji, Kikwajuni

Mzee wangu, jibu limo katika kitu ambacho wewe umekaa nacho maisha yako yote ya kazi, nacho ni tofauti baina ya mapato yanayopanda na kushuka na mapato yanayoingia kila mwaka. Ada ya kuuza hisa moja katika masoko ya Marekani ni sehemu ndogo mno ya senti, na ushindani huisukuma izidi kupungua. Wawekezaji wakiwa na hamasa, fedha zinaingia. Wakitulia, kiasi kikubwa cha gharama za mashine hubaki pale pale. Anayekodisha programu hulipwa kwa mkataba wa miaka, soko likiwa limechangamka au limelala.

Halafu, wengi wa wanunuzi si washindani. Soko la hisa la Nigeria na lile la Misri yote yametumia mfumo wa Nasdaq, na makampuni ya Lagos na Cairo yanayoorodheshwa huko kwa kawaida hayakuwa yakielekea New York.

Biashara hii Nasdaq haikuibuni. Waliotangulia ni Waswidi. Katikati ya miaka ya 1980 Olof Stenhammar alianzisha mjini Stockholm soko lililoitwa OM, ambalo tangu mwanzo lilikuwa kampuni ya faida, na baadaye likaanza kuuza mfumo wake kwa masoko ya nchi nyingine. OM lililinunua soko la hisa la Stockholm mwaka 1998, likaungana na Helsinki mwaka 2003, na kwa jina la OMX likayachukua masoko ya Copenhagen na Iceland. Mwaka 2007 Nasdaq ilitoa pendekezo la kuinunua OMX, na ghafla akajitokeza mshindani ambaye watu wa pwani yetu wanamjua vizuri kwa mambo mengine: Dubai. Kampuni ya Borse Dubai nayo iliitaka OMX. Badala ya kupandishiana bei mpaka wote waumie, wakakubaliana kwamba Dubai iinunue kisha iikabidhi kwa Nasdaq, na yenyewe ipewe karibu asilimia 20 ya hisa za Nasdaq pamoja na hisa ambazo Nasdaq ilikuwa imezikusanya katika soko la London wakati wa jaribio lake la kulinunua, lililoshindwa. Mapatano hayo yalikamilika Februari 2008. Kilichopatikana hapo, kuliko masoko ya Skandinavia yenyewe, ni orodha ya wateja wa mitambo duniani kote. Leo masoko na taasisi za masoko zaidi ya 130 hutumia teknolojia ya Nasdaq.

"Mhariri, ninafanya kazi katika benki, kwenye idara inayosimamia uzingatiaji wa sheria. Nimesikia kwamba Nasdaq imenunua kampuni ya kupambana na utakatishaji wa fedha. Hisa na utakatishaji wa fedha vimekutania wapi?"
Msomaji, Chake Chake

Umeuliza swali nililokuwa nikilisubiri, dada yangu, maana hapa ndipo watu wengi wanapohisi kwamba kampuni imepotea njia.

Kampuni unayoisema ni Verafin. Nasdaq ilitangaza kuinunua Novemba 2020 kwa dola bilioni 2.75 na ikamaliza mapema mwaka 2021. Verafin ilianzishwa mwaka 2003 mjini St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, ambacho kwa karne nyingi kiliishi kwa uvuvi. Ninalitaja hilo kwa sababu huku kwetu nimechoka kusikia kwamba kisiwani hapawezi kutoka kitu cha namna hii.

Kazi yake wewe utaifahamu haraka. Marekani, mtu akiweka benki zaidi ya dola 10,000 taslimu, benki lazima itoe taarifa. Kwa hiyo mwenye fedha chafu huweka 9,500 leo katika tawi hili, 9,000 kesho katika tawi jingine, na 9,700 keshokutwa kwa jina la shemeji yake. Karani wa kila tawi anaona stakabadhi isiyo na kasoro. Hila huonekana pale tu zinapowekwa pamoja akaunti, majina, siku na matawi, na zaidi inapowezekana kumtazama mtumaji katika benki moja na mpokeaji katika benki nyingine. Verafin iliponunuliwa ilikuwa na wateja zaidi ya 2,000, yaani benki na vyama vya akiba na mikopo vya Amerika ya Kaskazini, na wingi huo ndio thamani yake, kwani benki moja peke yake haiwezi kuona mlolongo mzima.

Sasa rudi kwenye hisa. Mwaka 2010 Nasdaq ilikuwa imeshainunua kampuni ya SMARTS ya Sydney, inayotengeneza programu za kulinda soko. Programu hizo humtafuta, kwa mfano, mtu anayeweka agizo kubwa la kununua bila ya nia ya kununua, ili bei ipande, auze alichonacho, kisha alifute agizo lile. Hapo pia kila kitendo kikitazamwa peke yake ni halali, na udanganyifu umo katika mpangilio. Wanaojua kuusaka mpangilio wa namna hiyo katika maagizo ya hisa hawakuwa na safari ndefu ya kufika kwenye amana za benki. Katika manunuzi yote ya Nasdaq, hili ndilo ninaloliona lina mantiki kuliko yote.

"Na mitambo ikiharibika?"
Msomaji, Jang'ombe

Huharibika, na mfano mashuhuri ni wa Ijumaa ya tarehe 18 Mei 2012, siku hisa za Facebook zilipoanza kuuzwa kwa umma kwa dola 38 kila moja. Kwa saa zetu, biashara ilipangwa kuanza saa 12 na dakika 5 za jioni. Kabla ya kufungua, kompyuta ilitakiwa ikusanye maagizo yote, ikokotoe bei moja ya kuanzia, kisha iangalie kama kuna mteja aliyebadilisha nia wakati ikikokotoa. Akiwepo, ianze hesabu upya. Siku za kawaida hilo halina madhara. Jioni ile, kila kompyuta ilipomaliza hesabu ilikuta kuna waliofuta maagizo, ikaanza tena, ikakuta wengine wamefuta, ikaanza tena, na ikabaki inazunguka humo humo. Wahandisi wakalazimika kuingilia kati. Biashara ilifunguliwa saa 12 na nusu, lakini maelfu ya maagizo yalikwama, na madalali wengi walikaa hadi saa 3 kasoro dakika 10 za usiku bila kujua kama wamenunua au hawakununua, huku bei ikisogea. Tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliitoza Nasdaq faini ya dola milioni 10, mbali na fidia waliyolipwa madalali.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Agosti, biashara ya hisa zote za Nasdaq ilisimama kwa takriban saa tatu. Tangu mwaka 2022 kampuni imekuwa ikiyahamishia baadhi ya masoko yake kwenye huduma za kompyuta za Amazon, lakini kwa masharti yake yenyewe: mitambo ya Amazon imeletwa ndani ya kituo cha Nasdaq kilichopo Carteret, New Jersey, kwa kuwa biashara inayopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde haiwezi kusubiri ishara isafiri mbali.

"Mhariri, si ni tamaa tu? Nimesoma wametoa dola bilioni 10.5 kununua kampuni moja. Fedha hizo zingefanya mangapi! Na huyu anayesimamia soko, akishakuwa muuzaji wa vifaa kwa benki hizo hizo, ataweza kuwa mwadilifu?"
Msomaji, Makunduchi

Kampuni hiyo ni Adenza, ambayo programu zake huzisaidia benki kupima hatari za biashara zao na kutayarisha ripoti zinazodaiwa na wasimamizi. Nasdaq ilitangaza kuinunua kutoka kwa kampuni ya uwekezaji ya Thoma Bravo Juni 2023, na siku hiyo hisa zake zenyewe zilianguka kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo shaka yako waliishiriki wawekezaji wa New York. Malipo yalikuwa sehemu fedha taslimu na sehemu hisa. Kampuni ilikopa takriban dola bilioni 5, na Thoma Bravo ikawa na karibu asilimia 15 ya Nasdaq. Adena Friedman, anayeiongoza kampuni hii tangu Januari 2017 na ambaye aliingia humo kijana mwaka 1993, aliweka dau kwamba benki haziwezi kuacha kununua programu za aina hiyo maadamu sheria zipo.

Kuhusu uadilifu, hoja yako ina uzito na sitaipunguza. Nasdaq ina wajibu wa kuzikagua kampuni na madalali ambao baadhi yao ni wateja wake wa programu. Jawabu linalotolewa ni kwamba juu yake kuna wasimamizi wa serikali. Jawabu hilo linanitosha nusu tu, kwa sababu wasimamizi nao ni miongoni mwa wanaonunua programu hizo. Lakini njia hii haipiti Nasdaq peke yake. Soko la London lilitumia dola bilioni 27 kuichukua kampuni ya takwimu ya Refinitiv, ununuzi uliokamilika mwaka 2021, na ICE, wenye soko la New York tangu 2013, wameingia hadi kwenye programu za mikopo ya nyumba.

"Assalaam alaykum. Haya yote ni ya wakubwa. Soko letu la Dar es Salaam liko wapi katika safari hii? Tena nina kijana anayesomea kompyuta hapa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ananiuliza aanzie wapi kama anataka kazi za namna hiyo."
Msomaji, Mkoani

Waalaykum salaam, kaka. Soko la Dar es Salaam lilisajiliwa mwaka 1996 na likaanza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Mwaka 2006 likaanza kutumia mfumo wa kielektroniki, mwaka 2015 likageuzwa kuwa kampuni ya umma, na mwaka 2016 likauza hisa zake na kujiorodhesha ndani ya soko lake lenyewe. Hatua ya mwisho ni ile ile iliyochukuliwa na Nasdaq, ila kwetu imekuja baadaye na kwa kiwango kidogo. Kwa mtu wa Mkoani, mabadiliko ya kweli ni programu ya simu ya Hisa Kiganjani, inayomwezesha kununua hisa bila ya kupanda boti. Dalali mwenye leseni bado yumo katika utaratibu, lakini hakuna haja ya kumfuata ofisini kwake. Soko letu linanunua teknolojia kuliko linavyoiuza, na kwa ukubwa lilio nao sioni aibu katika hilo.

Kijana wako mwambie hivi. Nasdaq huchapisha bure maelezo kamili ya lugha ambayo mtambo wake hutumia kutangaza kila agizo, iitwayo ITCH, ambayo ilizaliwa kwenye ule mtandao wa Island. Ujumbe wenye herufi A unamaanisha agizo jipya limeingia, E limetekelezwa, X limepunguzwa, D limefutwa. Kila ujumbe umebeba wakati uliohesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, tangu saa sita ya usiku. Aandike programu ndogo inayosoma jumbe hizo nne na kupanga foleni ya wanunuzi upande mmoja na ya wauzaji upande wa pili, na kila baada ya ujumbe ionyeshe bei bora ya pande zote mbili. Asianze kwa kutafuta kasi. Ahakikishe kwanza kwamba agizo lililofutwa halibaki kwenye foleni, na kwamba waliotoa bei moja wanatangulizwa kwa kufuata nani alifika mwanzo. Hilo likifanya kazi sawasawa, aliweke mahali ambapo waajiri wanaweza kuusoma msimbo wake, na akiomba kazi aambatanishe na barua.